Jina Lisilo Lako

Kufikia mwaka 1994 Mmarekani mmoja aitwaye Mike O'Connor alikuwa amejikusanyia majina kadhaa ya intaneti. Enzi hizo majina mafupi mengi yalikuwa bado hayana wenyewe, na mwenye jicho la mbali aliweza kuyachukua bila kushindana na mtu. O'Connor alichukua bar.com, akachukua place.com na television.com, na pamoja na hayo akajipatia corp.com, herufi nne ambazo Wamarekani hufupishia neno lao la shirika la biashara. Miaka iliposonga aliuza baadhi ya majina yake. Hili la corp.com alilikalia miaka 26 bila kulipeleka sokoni, kwa sababu alijua lina jambo lisilo la kawaida: usiku na mchana, kompyuta za makampuni asiyoyajua zilikuwa zikilijia na mambo ya ndani ya makampuni hayo.

Ukubwa wa jambo hilo ulipimwa mwaka 2019. Mtaalamu wa usalama wa mitandao, Jeff Schmidt, alichunguza kwa miezi kadhaa kile kilichokuwa kikifika kwenye jina hilo. Alikuta kompyuta za Windows zaidi ya 375,000 zikijaribu kuipelekea corp.com vitu ambavyo haikustahili kuviona: maombi ya kuingia kwenye mitandao ya ndani ya makampuni, maombi ya kufungua folda za kazi, na pamoja nayo taarifa za utambulisho wa watumiaji. Wachunguzi walipofungua mlango wa kupokea barua pepe, kwa muda wa kama saa moja zilimiminika barua zaidi ya milioni 12. Walipoona nyingine zimebeba siri nzito, walisitisha jaribio na kuharibu walichokuwa wamekusanya.

Hapakuwa na mdukuzi katika kisa hiki. Hakuna aliyevunja nywila wala kupenyeza kirusi. Kompyuta zenyewe, zikiwa nzima na zikifuata mpangilio uliowekwa ndani yake, ndizo zilizokuwa zikiwapelekea watu baki siri za wenyewe. Nakisimulia kwa ajili ya mafundi wanaofunga mitandao ya ofisi, shule na hospitali zetu, na kwa wakuu wao wanaoidhinisha malipo ya kazi hiyo. Kosa lililozaa haya yote lilichukua sekunde chache tu kutendeka, na linatendeka hadi leo kwa urahisi ule ule: fundi anafika kwenye kisanduku kinachomwuliza mtandao wake uitwe nani, anaandika jina lolote linalomjia, au anaacha lile lililokuwa limeandikwa kama mfano, kisha anabonyeza kitufe cha kuendelea.

Kuna wakati jina la kompyuta halikuweza kubuniwa ovyo namna hiyo. Katika ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, kulikuwa na kituo kimoja cha habari huko Menlo Park, California, ambacho kiliongozwa kwa miaka mingi na Elizabeth Feinler. Aliyetaka jina kwa kompyuta yake aliwasiliana na kituo hicho. Watu wa kituo walitazama kama jina halijachukuliwa, wakaliingiza kwenye faili moja lililoitwa HOSTS.TXT, na kompyuta nyingine zote zikawa zinanakili faili hilo. Kazi ilikuwa ya mikono na ya polepole, lakini kila jina lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo alijulikana.

Mtandao ukakua hadi faili moja likalemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo wa majina tunaoutumia mpaka sasa, ule wa DNS, ambao unagawa madaraka ngazi kwa ngazi. Msimamizi wa .tz anagawa majina yaliyo chini ya .tz, na aliyepewa jina hapo anagawa yaliyo chini ya jina lake. Nguvu ya mfumo huu iko katika kanuni moja tu: huwezi kutumia jina mpaka aliye juu yako akupe. Nitairudia kanuni hii baadaye, kwa kuwa balaa lote la corp.com lilitokana na kuiruka.

Anwani nazo zilikuwa zikiandikwa kwa mkono. Fundi alipita kompyuta moja baada ya nyingine akiingiza namba zake, na akikosea akaipa ya pili namba ya ya kwanza, zote mbili zilianza kuyumba na kazi ikasimama. Mwaka 1985 ikaja itifaki iitwayo BOOTP iliyopunguza kazi hiyo, na mwaka 1993 ikafuata DHCP, ambayo Ralph Droms alikuwa mstari wa mbele katika kuiandika. Hiyo ndiyo inayoipa simu yako anwani kila unapoingia kwenye waifai ya mgahawa.

Inavyofanya kazi inastahili kuelezwa taratibu. Simu inapoingia mtandao mpya haina anwani yoyote na haimjui mtu. Hufanya kama mgeni aliyefika mtaa asioujua usiku: anapiga hodi kwa sauti isikike na wote, na anamfuata wa kwanza atakayemwitikia karibu. Kwa lugha ya mashine, simu hutuma tangazo kutoka anwani 0.0.0.0 kwenda 255.255.255.255, yaani kwa kila kilichopo karibu. Seva ya DHCP, ambayo nyumbani huwa ndani ya ruta, hujibu kwa kutoa pendekezo la anwani. Simu huomba rasmi ipewe anwani hiyo, seva inaridhia, na mambo yanakwisha kabla hujaweka simu mezani. Anwani hutolewa kwa muda maalumu. Muda huo ukifika nusu, simu huomba kuongezewa, na isipoonekana tena, anwani yake hurudi kwenye akiba apewe mwingine.

Wengi hudhani simu imepewa namba tu. Pamoja na anwani, seva huiambia simu mambo matatu mazito zaidi ya namba yenyewe: ipitie mlango upi kutoka nje, imwulize nani inapotaka kujua tovuti fulani iko wapi, na mara nyingi, jina la mtandao ilioingia. Aliyejibu hodi ya kwanza ndiye anayekuwa kiongozi wa njia na mkalimani wa majina yote. Na simu haina namna ya kumtaka athibitishe kuwa yeye ndiye mwenye nyumba. Hati ya DHCP ya mwaka 1997, ile ambayo mpaka sasa ndiyo msingi, inakiri wazi kwamba itifaki hiyo kwa umbo lake haina usalama wa kutosha. Mwaka 2001 ilitolewa nyongeza ya kuweka uthibitisho, lakini karibu hakuna aliyeitumia. Urahisi ulikuwa umeshawanogea watu.

Kisa cha DNSChanger kinaonyesha jinsi imani hiyo inavyoweza kugeuzwa biashara. Genge lililokuwa na makao yake Estonia lilisambaza programu chafu iliyofanya jambo dogo mno kwenye kompyuta iliyoambukizwa: ilibadilisha anwani ya seva ya majina, yule mkalimani. Mwenye kompyuta aliandika jina la tovuti kama kawaida, na jibu likatoka kwa genge. Wakati mwingine alipelekwa alikotaka, wakati mwingine alipelekwa palipo na matangazo yenye kulilipa genge. Kilichonishtua zaidi katika taarifa za FBI ni kwamba programu hiyo haikuishia kwenye kompyuta moja. Ilijaribu kuingia kwenye ruta ya nyumba kwa kutumia majina na nywila za kiwandani, zile ambazo watu hawabadilishi, na ikifanikiwa ilibadilisha maagizo ambayo ruta huwapa wote wanaoomba anwani. Tangu hapo simu ya mtoto, kompyuta ya baba na televisheni ya sebuleni, ambazo hazikuambukizwa chochote, zilipokea kutoka kwenye ruta yao wenyewe anwani ya mkalimani mwongo. Zilimwamini, kwa kuwa zimeumbwa kuamini.

Novemba 2011 polisi wa Estonia waliwakamata washukiwa sita. Kompyuta zilizokuwa zimeathirika zilikadiriwa kuwa milioni 4 katika nchi zaidi ya 100, na pato la genge likakadiriwa kuwa dola milioni 14 au zaidi. Sasa ukaja mtihani wa ajabu. Seva za genge zingezimwa siku ile ile, mamilioni ya watu wangejikuta hawana intaneti na hawajui kwa nini, kwa maana kompyuta zao zingekuwa zinamwuliza mtu ambaye hayupo. Mahakama ya Marekani ikaruhusu seva safi ziwekwe mahali pa zile chafu, zijibu kwenye anwani zile zile, hadi watu watakapoponyesha vifaa vyao. Muda ukaongezwa, na hatimaye seva hizo zikazimwa tarehe 9 Julai 2012. Vladimir Tsastsin, aliyekuwa kinara wa genge, alihukumiwa New York mwaka 2016 kifungo cha miaka saba na miezi mitatu.

Tusidhani hayo yamepita na enzi zake. Mwaka 2024 watafiti walionyesha kuwa mwenye seva ya DHCP kwenye mtandao anaweza kutumia kipengele halali cha itifaki hiyo, namba 121, kuzipa kompyuta njia mbadala, na data zikapita nje ya VPN wakati mtumiaji anaona alama ya kwamba VPN yake iko hewani. Kipengele hicho kimekuwepo tangu 2002.

Na je, hodi ikipigwa asiitike mtu? Hapo kuna ufundi ninaoupenda. Kompyuta hujichagulia yenyewe anwani inayoanza na 169.254, kwa kubahatisha, kisha huwauliza walio karibu kama kuna anayeitumia. Ikiona kimya, inaichukua. Kila fundi anapaswa kuitambua namba hiyo anapoiona, kwa kuwa maana yake ni moja: kompyuta iliomba anwani na haikujibiwa. Utaratibu huo uliandikwa rasmi mwaka 2005, na mmoja wa waandishi wake ni Stuart Cheshire wa Apple, mtu aliyeshughulika miaka mingi na swali la kwa nini printa ya mtandao wa zamani wa AppleTalk ilikuwa ikionekana yenyewe bila fundi, ilhali kwenye mtandao wa kisasa ilikuwa lazima aitwe mtu. Yeye na wenzake wakaleta pia majina yanayoishia na .local. Printa hujitangaza kwa walio chumba kimoja nayo, jina lake likiwa limeshachukuliwa hujiongezea namba, na hakuna seva inayohitajika. Kiwango chake kilikamilika mwaka 2013.

Huo ni mfano wa urahisi uliowekewa mipaka. Jina la .local linajulikana kuwa ni la chumbani. Vifaa vinavyofuata kiwango havilipeleki nje kuulizia. Waliobuni walijua kwamba jina lisilo na mwenyewe lina usalama pale tu lisipovuka kizingiti.

Turudi sasa kwenye corp. Windows 2000 ilipotoka ilileta Active Directory, mfumo wa kusimamia kompyuta na watumiaji wote wa shirika chini ya jina moja la mtandao. Katika matoleo hayo ya awali, jina lililotolewa kama mfano lilikuwa corp. Makampuni mengi yakalichukua lilivyo, bila kuliunganisha na jina waliloandikishwa wao. Ndani ya jengo hapakuwa na tatizo. Mfanyakazi alitafuta folda ya idara yake kwa jina fupi, kompyuta ikaliongezea kiambishi cha mtandao, seva ya ndani ikajibu, kazi ikaendelea. Kwa miaka hakuna aliyekuwa na sababu ya kulitazama tena.

Kisha kompyuta zikapata miguu. Kompyuta mpakato ikafungwa saa kumi na moja jioni na kufunguliwa mgahawani au uwanja wa ndege. Pale ikapiga hodi, ikapewa anwani na mkalimani mpya, na ikaanza shughuli zake za kila siku kama vile iko kazini: kutafuta folda, kutafuta seva ya barua, kujitambulisha. Seva ya ndani haikuwepo kujibu. Swali ambalo kwa miaka yote liliishia ndani ya jengo sasa likatoka kwenda kwenye intaneti ya watu wote, na katika kujaribu kulikamilisha jina lile fupi, kompyuta ikaangukia kwenye corp.com. Huko kulikuwa na mwenyewe, tena mwenye haki zote za usajili. Kompyuta ikampa salamu zake na vitambulisho vyake.

Bahati ya makampuni hayo ni kwamba O'Connor alikuwa mtu mwema. Alikuwa anakaribia miaka 70 alipoamua kuliuza jina hilo mapema 2020, na alieleza hadharani hofu yake kwamba lingeweza kununuliwa na wahalifu au na wanaowafanyia kazi wahalifu. Bei ya kuanzia aliyotaja ilikuwa dola milioni 1.7. Alitamani Microsoft ndiyo ilinunue, na mwezi Aprili mwaka huo ikalinunua, bei haikutangazwa. Naliona hilo kuwa jambo la kutisha zaidi kuliko la kufariji: kwa miaka 26 siri za makampuni kwa maelfu zililindwa na dhamiri ya mtu mmoja ambaye makampuni hayo hayakuwahi kumsikia.

Mtu atauliza kwa nini hayakubadilisha jina mapema. Microsoft ilitoa masahihisho zaidi ya mara moja katika miaka hiyo, na wengi hawakuyaweka. Jina la mtandao wa Active Directory likishasimama, kila kitu hujengwa juu yake: akaunti za watumiaji, printa, hifadhidata, programu ya mishahara. Kulibadilisha kunahitaji kuzima mengi kwa pamoja na kukubali kwamba baadhi ya programu zitagoma. Mkuu gani anaidhinisha hilo kwa ajili ya hatari ambayo haijamuuma? Kazi ya sekunde kumi siku ya kufunga mtandao inageuka mradi wa miezi baada ya miaka mitano.

Kuna ndugu wa kisa hiki anayetugusa sisi moja kwa moja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilibuniwa njia ya kivinjari kujitafutia chenyewe maelekezo ya kutoka nje ya mtandao wa ofisi, iitwayo WPAD. Rasimu yake ya 1999 haikupata kuwa kiwango rasmi, lakini ikaingizwa kwenye vivinjari. Kompyuta ya idara ya fedha ya kampuni ilitafuta kwanza wpad chini ya jina la idara. Ikikosa, ilipanda ngazi na kutafuta wpad chini ya jina la kampuni. Ikikosa tena, baadhi zilipanda ngazi nyingine. Kwa kampuni ya Marekani yenye jina la .com, ngazi inayofuata ni .com yenyewe na programu ilijua kusimama. Lakini New Zealand majina ya biashara huishia na .co.nz, na kompyuta zilizopanda ngazi moja zaidi zilifika wpad.co.nz, jina ambalo mtu yeyote angeweza kulisajili. Mwaka 2007 mtafiti wa huko, Beau Butler, alieleza kuwa aliona kompyuta zipatazo 160,000 za New Zealand zikiwa katika hatari hiyo. Mwenye jina hilo angeweza kuziambia zipitishe kila kitu kwake.

Sasa tazama majina yetu: .co.ke, .co.tz, .co.ug. Umbo ni lile lile la New Zealand. Programu iliyoandikwa na watu waliozoea .com ilibeba ndani yake dhana kwamba ngazi mbili zinatosha kutambua mwenye nyumba, na dhana hiyo haikuwa kweli Auckland, Nairobi wala Dar es Salaam. Masahihisho yalitolewa, na Windows za leo zimepunguza tabia hiyo sana. Hata hivyo fundi wa kwetu anayefuata mwongozo ulioandikiwa nchi nyingine anapaswa kusimama kila anapoona mfano wenye .com na kujiuliza mfano huo unageuka nini ukiwa .co.tz.

Kosa hili haliwapati wazembe peke yao. Mwaka 2016 waandishi wa viwango vya intaneti wenyewe walitoa hati ya mitandao ya nyumbani iliyotumia kiambishi cha .home, ambacho hakikuwa kimetengwa kwa kazi hiyo kwa utaratibu uliowekwa. Iliwalazimu mwaka 2018 kutoa hati nyingine ya kukiondoa na kuweka home.arpa badala yake. Kampuni ya AVM ya Ujerumani iliwazoesha wateja wake kufungua ukurasa wa ruta zao kwa kuandika fritz.box. Lilikuwa jina la ndani tu, mpaka .box ilipofunguliwa kwa umma mwanzoni mwa 2024, na mtu asiyehusika na kampuni akalisajili. Mteja aliyekuwa nje ya waifai ya nyumbani kwake, au aliyetumia mkalimani mwingine wa majina, akawa anafikishwa kwa mgeni huyo. AVM ililazimika kudai haki kupitia usuluhishi wa shirika la miliki bunifu la WIPO, ikarejeshewa jina. Kampuni ndogo isingekuwa na wanasheria wa kufanya hivyo.

ICANN, taasisi inayosimamia kilele cha mfumo wa majina, iliona wingi wa maswali yaliyokuwa yakivuja kutoka mitandao ya ndani, na mwaka 2018 ikaamua kwamba .corp, .home na .mail hazitagawiwa mtu yeyote. Mwaka 2024 ikatenga .internal kwa mitandao ya ndani, kwa ahadi kwamba haitauzwa. Kwa anayeanza mtandao mpya leo, kwa hiyo, hakuna kisingizio. Njia bora kuliko zote bado ni ile kanuni ya 1983. Kama shirika lako limesajili mfano.co.tz, mtandao wa ndani uite ndani.mfano.co.tz. Hata swali likivuja, litavujia nyumbani kwako. Asiyekuwa na jina atumie .internal ofisini, na home.arpa nyumbani. Aepuke kuuita mtandao wa Active Directory .local, ingawa miongozo ya zamani ya Windows ilishauri hivyo, kwa sababu jina hilo sasa ni la vifaa vinavyojitangaza vyenyewe na viwili hivyo hugongana.

Kuhusu anwani, swichi nyingi za ofisi zina uwezo wa kukataa majibu ya DHCP yanayotoka kwenye tundu lisilotarajiwa. Uwezo huo huja umezimwa. Uwashwe, na tundu la seva halali pekee ndilo liruhusiwe. Hii inazuia hata lile tatizo la kila siku lisilo na uhalifu, la mfanyakazi kuleta ruta ya nyumbani ofisini, kuichomeka atakavyo, na nusu ya ghorofa kukosa mtandao kwa kuwa ruta yake imewahi kujibu. Nywila ya ruta ibadilishwe siku inapotolewa kwenye boksi. WPAD izimwe kama haitumiki.

Liko pia jina la kifaa chenyewe, ambalo watu hulichukulia kama pambo. Simu ikiomba anwani mara nyingi hutaja jina lake, na wengi huacha jina hilo liwe lao wenyewe. Mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya mitandao, ikiwemo ya vyuo vikuu, ilikuwa ikiyatoa majina hayo moja kwa moja kwenye DNS ya hadharani. Walichagua jina la Brian, na wakiwa mbali kabisa, bila kuingia kwenye mtandao wowote, waliweza kuona vifaa vya watu wenye jina hilo vikiingia na kutoka siku kwa siku, hata kuonekana nani alikuwa hayupo wakati wa sikukuu. Mama anayemwekea binti yake simu jina lake kamili hakukusudia kutangaza saa anazoingia bwenini. Simu za siku hizi, tangu Android 10 na iOS 14, hujificha kwa kubuni namba ya kifaa tofauti kwa kila mtandao. Jina lililoandikwa na mwenyewe linaweza kuifuta faida hiyo yote. Simu ipewe jina lisilomtaja mtu. Na fundi wa chuo azuie seva yake ya DHCP isipeleke majina ya wageni kwenye DNS ya nje.

Kwa mtandao uliokwisha kujengwa, ukaguzi unaanzia kwenye kompyuta yoyote ya Windows hapo ofisini. Fungua dirisha la amri, andika ipconfig /all, na usome mistari mitatu: kiambishi cha jina la mtandao, seva ya DHCP iliyotoa anwani, na seva za majina. Kwa kila namba uliyoiona, nenda ukaoneshwe mashine yenyewe ilipo, au risiti ya huduma inayolipiwa. Kwa kiambishi, tafuta usajili wake kwa msajili wa majina na uangalie umeandikwa kwa jina la nani na unakwisha lini. Ukikuta kiambishi ni jina la mtu mwingine, au ni neno tupu lisilo na mzizi, anza kwa kuorodhesha kompyuta mpakato zote zinazotoka nje ya jengo jioni, kwa kuwa hizo ndizo zinazouliza maswali yako mbele ya watu.